Herufi M kubwa iliyoficha picha za muhogo

Leo mniruhusu, mimi mtu wa jembe, niongee kidogo juu ya ordinatere.

Nilitengeneza tovuti ndogo yenye picha za majani ya muhogo: mazima na yenye mozaiki, ili wakulima wetu hapa Bunia wasipande miti yenye ugonjwa. Kwenye Windows yangu kila kitu kilikuwa sawa. Nikaituma kwenye seva. Siku ya kikao, mama wanafungua simu: maandishi yapo, picha hata moja hakuna. Mmoja akasema, "Basi, tutachagua hivi hivi." Wakaenda.

Usiku njo niliona kosa. Faili iliitwa Mozaiki.JPG, mimi kwenye kodi niliandika mozaiki.jpg. Ni hiyo tu!

Ugomvi huu ni wa zamani. Mashine nyingi za miaka ya 1960 zilijua herufi kubwa tu. Hata ASCII ya 1963 haikuwa na herufi ndogo, zilipangwa ndani mwaka 1967. MS-DOS ya 1981 ilibaki na majina ya herufi kubwa, na kamera nyingi mpaka leo zinaandika .JPG. Windows 95 ilikubali kuhifadhi jina vile umeliandika, lakini ikilitafuta, kubwa na ndogo kwake ni moja.

Unix, iliyozaliwa 1969 kule Bell Labs, ilishika njia ingine. Kwake A ni namba 65, a ni namba 97: namba mbili, majina mawili. Linux ya Linus Torvalds ikafuata njia hiyo 1991, na seva nyingi za intaneti zinatumia Linux. Kumbe mashine yangu ilinisamehe, seva haikunisamehe.

Na sisi wa agronomia tulipaswa kujua. Tunaandika Manihot esculenta: M kubwa, e ndogo. Ukigeuza, profesa anakukata pointi.

Sasa faili zangu zote ni herufi ndogo, bila nafasi katikati, na ninazijaribu kwenye seva yenyewe mbele ya kuita watu. Kikao kilichofuata picha zilionekana vizuri. Lakini miti ingine ilikuwa imeshaingia udongoni.

Wewe unayesoma, angalia majina ya faili zako leo, usingoje kikao.