Kazi ya Msemaji Siku ya Msiba: Habari za Ivy Lee

Kama hukupata nafasi ya kusikiliza somo hili redioni, lisome hapa polepole, nawe uwe na kalamu karibu, maana mwishoni utapewa kazi ya kufanya. Leo tunatafuta asili ya kazi ya Afisa Uhusiano, yaani mtu asemaye na magazeti kwa niaba ya shirika, hasa shirika hilo lipatwapo na msiba.

Twende Marekani, mwaka 1902. Wachimba makaa ya mawe wa Pennsylvania, zaidi ya laki moja, waligoma tangu Mei mpaka Oktoba. Kiongozi wao, John Mitchell, alikuwa akizungumza na waandishi wa habari na kuwaeleza shida za watu wake. Mkubwa wa wenye machimbo, George Baer, hakutaka kusema nao kabisa. Wewe mwenyewe waweza kukisia magazeti yaliandika maneno ya nani. Mwaka 1906, ugomvi mwingine ulipozuka, wenye machimbo walikuwa wamekwisha kupata funzo. Wakamwajiri kijana aliyepata kuwa mwandishi wa magazeti ya New York, jina lake Ivy Lee, aliyezaliwa Georgia mwaka 1877.

Lee aliwapelekea wahariri waraka mfupi. Aliwaambia kwamba ofisi yake haifanyi kazi kwa siri. Kwamba habari zake ni sahihi, na mhariri atakaye kuzihakiki atasaidiwa. Tena kwamba mhariri akiona habari hizo zafaa kulipiwa kama matangazo ya biashara, basi asizitumie. Kwetu maneno haya yaonekana mepesi. Wakati ule yalikuwa mageni, kwa sababu mawakala wa matajiri walizoea kupenyeza habari za kupamba bila kusema zimetoka kwa nani.

Sasa tufike kwenye ajali yenyewe. Jumapili, tarehe 28 Oktoba 1906, gari la reli lilikuwa likienda Atlantic City, mji wa pwani wa starehe. Lilikwenda kwa umeme, jambo jipya katika njia ile. Kabla ya kuingia mjini palikuwa na daraja la kufunguka, ili kupisha vyombo majini. Daraja lilikuwa limefunguliwa na kufungwa tena, lakini reli zake hazikukaa sawasawa na zile za nchi kavu. Gari likaacha njia, mabehewa yakatumbukia majini. Watu 53 walikufa.

Yafaa ujue desturi ya makampuni ya reli ya siku zile. Ajali ikitokea, waliificha kadiri walivyoweza, na waandishi wakafukuzwa wasikaribie. Kwa upande mwingine, waandishi hao hao walipewa tikiti za bure za kusafiria, ili wawe wapole. (Sheria ya mwaka ule ule wa 1906 ilizibana tikiti hizo, kwa hiyo hata dawa ya zamani ilikuwa ikiishiwa nguvu.) Lakini watu 53 hawafichiki. Kila mmoja ana mama, ana ndugu, ana jirani anayeuliza.

Njia ile ilikuwa chini ya kampuni kubwa ya Pennsylvania Railroad, na Lee ndiye aliyekuwa mshauri wake. Yeye aliandika taarifa ya kampuni kuhusu ajali na kuwapa waandishi. Gazeti la New York Times liliichapa tarehe 30 Oktoba, kama ilivyoandikwa. Watu wengi huihesabu kuwa ndiyo taarifa ya kwanza ya namna hii kwa magazeti. Tena mwaka huo Lee alishauri kwamba ajali ikitokea waandishi wapelekwe hapo kwa gharama ya kampuni, waone kwa macho yao. Wakubwa wa reli walishtuka. Kuwaita waandishi waje kutazama maiti na mabehewa yaliyovunjika! Hata hivyo walikubali, na magazeti yakaanza kuwatendea kwa haki zaidi.

Kwa nini ilifaa? Fikiri jinsi habari inavyotembea mtaani kwako. Msiba ukitokea, watu hawangoji. Asiyeambiwa idadi ya waliokufa ataibuni, na atakayesikia ataongeza. Msemaji anayeijua kazi yake hutoka mapema, ingawa hajapata habari zote. Husema yale yaliyothibitishwa, hutaja yale ambayo bado yanachunguzwa na nani anayachunguza, kisha husema saa atakayorudi na habari zaidi, na saa hiyo hurudi kweli. Majina ya marehemu hayatoi kabla jamaa zao hawajaarifiwa. Na akiulizwa sababu ya ajali siku ya kwanza, hakisii. Hili la mwisho ni gumu kuliko yote, maana mwandishi atauliza mara kumi, kila mara kwa namna nyingine.

Lakini usidhani Lee alikuwa mtakatifu. Tarehe 20 Aprili 1914, huko Ludlow, Colorado, askari walishambulia kambi ya mahema ya wachimba makaa waliogoma. Wanawake wawili na watoto 11 walikufa katika shimo walimojificha, hema la juu yao lilipochomwa moto. Kampuni ile ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Rockefeller, nao wakamwita Lee. Alitoa vijarida vingi vya kuitetea. Ndani yake mishahara ya mwaka mzima ya viongozi wa wafanyakazi ilionyeshwa kana kwamba walilipwa kwa majuma tisa tu. Mwaka 1915 tume ya serikali ilimwuliza alifanya juhudi gani kuhakikisha habari alizopewa na wenye kampuni. Alijibu kwamba hakufanya yoyote. Huyu ndiye aliyewaahidi wahariri habari sahihi miaka tisa kabla yake! Tangu hapo jina baya lilimfuata. Mwaka 1934 aliitwa tena mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, aeleze kazi aliyoifanyia kampuni ya Kijerumani ya I.G. Farben wakati wa utawala wa Hitler. Alikufa mwaka huo huo, mwezi wa Novemba.

Kazi yako ni hii. Kivuko kimekwama katikati ya mto saa moja asubuhi, kina abiria. Wawili wameumia, na sababu haijulikani. Wewe ndiwe msemaji wa kivuko. Andika taarifa ya sentensi tano, isomwe saa mbili. Kisha mpe mwenzako aisome, apige mstari chini ya kila neno ambalo usingeweza kulijua saa hiyo.