Mchoro, Neno na Tambiko: Kutoka Makaburi ya Misri hadi Kolo



Katika makaburi ya kale ya Thebes, nchini Misri, kuta zimechorwa meza zilizosheheni mikate, mabata bukini, zabibu na mitungi ya bia. Wamisri waliamini kwamba chakula hicho kingemlisha marehemu hata pale ambapo jamaa zake wangeacha kumletea sadaka. Hata hivyo, mchoro haukutenda kazi peke yake. Uliandamana na dua iliyoandikwa, na mpita njia aliombwa kuitamka ili marehemu apate mikate elfu na bia elfu.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Nina de Garis Davies alianza kuzinakili kuta hizo kwa rangi. Mwaka 1936, nakala zake 104 zilichapishwa na Chuo Kikuu cha Chicago. Kwa kuwa baadhi ya michoro ya asili imeharibika tangu wakati huo, nakala hizo sasa ni ushahidi wa thamani kubwa.

Kwetu, kazi ya namna hiyo ilifanyika Kondoa, mkoani Dodoma. Mwaka 1951, Mary Leakey alinakili takriban maumbo 1,600 ya watu na wanyama kutoka kwenye miamba, na mwaka 1983 akachapisha kitabu kuhusu michoro hiyo. UNESCO iliingiza michoro hiyo katika Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Ipo tofauti ya msingi. Thebes chakula cha sadaka kilichorwa ukutani. Kondoa chakula huletwa kwenye mchoro. Katika pango la Mungomi wa Kolo, wenyeji wameendelea kutambika kwa ajili ya mvua na uponyaji, na pombe ya kienyeji na mafuta ya wanyama hurushwa mwambani. Wahifadhi wanahofia kwamba vitu hivyo huharibu rangi. Je, tambiko lipigwe marufuku ili mchoro usalimike?

Lugha yatupa mwanga. Maneno sadaka na kafara tuliyapokea kutoka Kiarabu, lakini tambiko ni nomino iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi chetu kutambika. Jina limezaliwa na tendo. Tukilizuia tendo, tutabakiwa na picha ambayo hakuna anayejua kuisemesha, kama kaburi la Thebes lisilo na msomaji wa dua.

Nakala za Leakey zilihifadhi umbo na rangi. Hazikuweza kuhifadhi sauti. Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, wahifadhi wakubaliane na wazee wa Kolo mahali pa kumwagia pombe, mbali kidogo na rangi. Pili, kwa idhini ya wazee hao, wanafunzi wetu warekodi maneno ya tambiko katika Kirangi, lugha ya wenyeji, kabla wasemaji wake hawajatutoka.