Daftari la Pili: Hoja ya Kumlea Mwalimu Mwandishi

Katika miaka ya 1910, mwalimu wa misheni ya Kilutheri huko Marangu, kwenye Mlima Kilimanjaro, Nathaniel Mtui, alikuwa akijaza madaftari kwa historia ya Wachagga. Mmisionari Mjerumani Bruno Gutmann aliyahitaji na kuyatumia. Miongo kadhaa baadaye Kathleen Stahl naye aliyategemea alipoandika kitabu chake cha historia ya Wachagga kilichotoka mwaka 1964. Madaftari ya Mtui yakajulikana zaidi kupitia vitabu vya wengine, na mwalimu aliyeyaandika akabaki jina katika shukrani na tanbihi.

Kisa hicho kina zaidi ya miaka mia moja, lakini swali lake bado liko mlimani: mwalimu anayeandika asaidiwe lini, na nani? Makala haya yanashikilia kwamba Tanzania imejifunza kumtuza mwandishi aliyemaliza kazi, ila haijajifunza kumlea aliye katikati ya kazi. Mwenye uwezo mkubwa wa kuziba pengo hilo ni mwajiri wa mwalimu mwenyewe.

Tuzo zipo, na ni za kujivunia. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, ilianzishwa mwaka 2014. Mwaka 2023 ikatolewa kwa mara ya kwanza Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10, na serikali hugharamia uchapishaji wa kazi yake. Lakini zote mbili hupokea kazi iliyokwisha kuandikwa. Mwalimu aliyekwama sura ya nne hana pa kugonga hodi.

Tumchukue mwalimu wa Kiswahili katika sekondari ya Kibosho, kwenye mlima huo huo wa Kilimanjaro, mwenye mikondo minne ya wanafunzi 40 kila mmoja. Akitoa insha moja, anarudi nyumbani na madaftari 160. Akilipa kila daftari dakika sita, hizo ni saa 16 za kalamu nyekundu, kabla hajagusa andalio la somo wala zamu ya wiki. Ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, watoto wamelala, na chini ya rundo la insha liko daftari lake la kaunta lenye riwaya aliyoianza likizo iliyopita. Analifungua saa tano usiku, anasoma ukurasa wa mwisho ili akumbuke alipoishia, na usingizi unamkuta hapo hapo.

Matokeo ya hali hiyo yanaonekana katika historia ya fasihi. Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Rosa Mistika (1971), aliwahi kufundisha sekondari kabla ya kurejea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano (1980), naye alifundisha shule Zanzibar kabla ya kuwa mhadhiri. Abdulrazak Gurnah alifundisha sekondari Uingereza kabla ya kuhamia chuo kikuu; riwaya yake ya kwanza ikatoka 1987. Marekani, Frank McCourt alifundisha sekondari za New York kwa takriban miaka 30, na kitabu kilichompa jina kilitoka 1996, akiwa na umri wa miaka 66 na ameshastaafu. Njia zao zilitofautiana, lakini zote zinaonyesha jambo moja: chuo kikuu huhesabu maandishi kuwa kazi na kumpandisha mtu cheo kwayo, ilhali sekondari huyaacha yawe shughuli ya usiku.

Wapo watakaosema mwalimu ameajiriwa kufundisha, na uandishi ni mapenzi yake binafsi. Hoja hiyo inasahau kwamba utungaji wa kazi za fasihi umo ndani ya muhtasari wa Kiswahili wa sekondari. Mwalimu aliyeichana sura yake mara tatu anaweza kumwonyesha mwanafunzi mahali hadithi ilipopoa, na namna ya kuipasha moto. Nani atamfundisha kijana kutunga, kama si mtu anayetunga?

Pingamizi zito zaidi ni uhaba wa walimu: vipindi vikipunguzwa, nani atavibeba? Hapa Kibosho yenyewe ina jibu. Vihamba vya mlimani, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, vimenyweshwa kwa mifereji ya asili iitwayo mifongo tangu zamani. Maji hayatoshi wote siku moja, kwa hiyo kila kihamba hupewa zamu yake. Hatua ya kwanza, basi, ni kugawana vipindi kwa zamu vivyo hivyo: kwa muhula mmoja, mwalimu mmoja mwenye mswada unaoonekana apunguziwe mkondo mmoja, wenzake waugawane, na muhula unaofuata zamu iende kwa mwingine.

Hatua ya pili ni kuhesabu uandishi kuwa kazi. Tangu 2023/24 utendaji wa watumishi wa umma hupimwa kupitia mfumo wa PEPMIS. Mswada uliokamilika, au kundi la utunzi la wanafunzi linaloongozwa na mwalimu, uandikwe humo kama lengo la kazi.

Hatua ya tatu ni wasomaji. Mafunzo endelevu ya walimu kazini tayari hukutanisha walimu kujadili mbinu za kufundishia, na Chuo cha Ualimu Singachini kiko papo hapo Kibosho. Shule zinapofungwa Juni, madarasa ya Shule ya Sekondari ya Umbwe yanaweza kupokea walimu kumi kwa siku tano: asubuhi waandike, alasiri wasomeane miswada mbele ya mhariri. Shilingi milioni moja, sehemu ya kumi ya zawadi ya mshindi mmoja wa kwanza, inampa kila mwalimu shilingi 20,000 kwa siku kwa chakula na nauli. Halmashauri ya Wilaya ya Moshi inaweza kuanza na kiasi hicho, na mwisho wa juma kila mwalimu arudi shuleni kwake na sura ya nne iliyokwisha kuandikwa.