Nefer: mzuri wa sura au mzuri wa roho?

Nilipotea kidogo, si mnajua tena mambo ya mitihani. Leo nina stori ya historia, ila inaanzia msibani Tandika.

Jumamosi tulimzika jirani yetu, mzee fundi viatu. Usoni alikuwa na kovu kubwa la moto. Tukiwa wadogo tulikuwa tunamkimbia, na mimi nikiwa wa kwanza. Msibani kila mtu alisema kitu kimoja: "Alikuwa mtu mzuri sana yule." Mama akanigeukia: "Hela ya tranka na godoro ulipokwenda kidato cha tano, unadhani alitukopesha nani?" Nikakosa la kusema.

Kwenye daladala ya kurudi chuo nikakumbuka neno la Wamisri wa kale: nefer. Maandishi yao hayakuonyesha irabu, yaliandikwa n-f-r tu, hizo "e" ni za wasomi wa leo ili litamkike. Maana yake ni mzuri, na pia mwema, asiye na kasoro. Hawakutenganisha.

Nefertiti mnamjua, malkia wa karne ya 14 kabla ya Kristo. Jina lake maana yake "mzuri amekuja". Sanamu ya kichwa chake ilichimbuliwa Amarna mwaka 1912 na Wajerumani wa Ludwig Borchardt, na ipo Berlin mpaka leo. Kwa hiyo watu wakisikia nefer wanawaza sura tu.

Lakini Osiris, mungu wa wafu, naye aliitwa Wennefer, yaani yule anayedumu katika uzuri. Na alama ya kuandikia nefer siyo uso wala jicho. Wataalamu wanasema ni moyo ulioungana na koo la pumzi. Vitu vya ndani kabisa!

Sasa msiseme hayo ni ya Misri tu. Sisi tukitaka sura tunasema "mrembo". Tukisema "mtu mzuri", hasa msibani, nani anawaza sura? Ndiyo maana methali moja wengine wanasema "chema chajiuza", wengine "kizuri chajiuza", na hakuna anayebisha.

Neno nilikuwa nalo mdomoni tangu utoto. Mzee mwenyewe sikuwahi hata kumwamkia vizuri. Kama mtaani kwenu yupo wa hivyo, kesho mpe shikamoo yake.

Tupo pamoja.