Kutoka Wanyika hadi Mijikenda: Jina na Umoja Pwani ya Kenya

Katika karne ya 19, Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wachonyi, Wajibana na Wakauma walijulikana mijini pwani kwa jina la Wanyika, yaani watu wa nyikani. Jina hilo lilibeba dharau. Wao wenyewe walijitambulisha kwa kabila na kwa kaya.

Mnamo miaka ya 1940 jina Mijikenda lilienea. Maana yake ni miji tisa. Kenda ni neno la Kibantu, ilhali tisa latokana na Kiarabu. Jina hili halikufuta lahaja wala imani: Wadigo wengi ni Waislamu, na miongoni mwa Wagiriama wapo Wakristo, Waislamu na wafuasi wa dini ya jadi. Hata hivyo, liliwapa msingi wa kuhesabiana ndugu.

Lakini udugu una mpaka wake. Ghasia za Likoni za Agosti 1997, zilizochochewa kisiasa, ziliwalenga watu wa bara. Ilidhihirika kuwa umoja upunguzao chuki kati ya walio ndani hauwalindi walioachwa nje.