Mlango wa Riyadha ulikuwa wa nani?

 

Mwezi wa Shaabani tulikaa kikao hapa Saboti kuhusu kile chumba chetu cha mabati kando ya msikiti. Watoto husoma madrasa humo jioni, vijana hukutana humo, na kina mama hufanyia humo chama chao. Mzee mmoja akatoa hoja: chumba ni kidogo, basi kiwe cha watoto wa wanachama tu. Wengi wakaitikia kwa kichwa. Kusema kweli hata mimi nilikaribia kukubali, maana mikeka haitoshi. Halafu nikakumbuka habari za Lamu.

Usiseme Lamu ni mbali. Uislamu wa pande zetu hizi za Bungoma na Kitale ulipitia sana Mumias, ulikoletwa na wafanyabiashara Waswahili waliopanda na misafara kutoka Pwani katika karne ya 19. Yaliyotokea kule ni historia yetu pia.

Lamu ya zama hizo ilikuwa mji wa daraja. Waungwana walikaa nyumba za mawe, na elimu ya juu ya dini ilishikwa na koo chache. Watumwa, wagema na vibarua walikaa pembeni, kwenye vibanda vya makuti. Hakuna aliyetazamia watoto wao wawe wanavyuoni.

Akaja Habib Swaleh bin Alawy Jamalilil, sharifu mzaliwa wa Ngazija. Kwa nasaba yake angeketi na wakubwa, lakini alikwenda kwa watu wa makuti. Akawafundisha Qur'ani na tafsiri yake, jambo ambalo baadhi ya wakubwa hawakulipenda hata kidogo. Alikuwa tabibu pia, kwa hiyo mwenye mgonjwa alijua pa kwenda. Vijana waliopenda ngoma hakuwafukuza: matari yaliingia katika maulidi, nao wakapata la kufanya. (Mjadala wa matari sitaki kuuanzisha hapa, tutafungia nao!)

Karibu mwaka 1900 ukasimama msikiti wa Riyadha, mtaa wa Langoni. Mfano wake ulikuwa Seiwun, Hadhramaut, ambako Habib Ali al-Habshi alikuwa na chuo cha kuwaweka wanafunzi na kuwalisha. Kisha, mwaka 1907, utumwa ukapigwa marufuku kisheria Pwani ya Kenya. Hebu fikiria mtu aliyeachwa huru: hana shamba, hana ukoo wa kumsimamia. Sheria ilimfungua, lakini haikumwonyesha pa kwenda. Riyadha palikuwa mahali pa kwenda. Mtoto wake alisoma hapo, na baadaye wakaja wanafunzi wa mbali, hata wa Tanganyika na Uganda, wakalala hapo hapo. Habib Swaleh alifariki mwaka 1935, na kizazi chake kikaendeleza kazi.

Sasa turudi Saboti. Mapigano ya ardhi ya Mlima Elgon, hapo juu yetu, ya mwaka 2006 hadi 2008, na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zilizifukuza familia nyingi makwao, na baadhi zikaangukia Trans Nzoia. Wengine hawakurudi tena. Wamepanga vyumba mtaani, wanafanya vibarua vya mahindi, na wamezaa hapa. Hao ndio "wasio wanachama" tuliokuwa tukiwazungumzia, na ada ya chama hawana.

Niliyasema haya kikaoni, kwa ufupi kuliko nilivyoandika. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sawa kijana, na mikeka itatoka wapi?"

Swali la haki kabisa. Habib Swaleh naye bila shaka aliulizwa mfano wake. Tukapitisha karatasi, kila mtu akaandika atakacholeta. Mama mmoja wa chama akaahidi sufuria ya uji wa kufuturu kila Alhamisi, kwa kila atakayekuwepo. Mzee mwenyewe aliandika mikeka miwili. Mmoja ameshauleta.