Nalanda: Vijiji Vilivyolisha Elimu

Ikitajwa Nalanda, wengi hukumbuka kwanza moto unaosemekana kuteketeza maktaba yake. Kwangu mimi, linalostahili kuulizwa kabla ya moto ni hili: chuo cha watawa wa Kibudha kiliwezaje kuishi zaidi ya miaka 700, huku falme zikiinuka na kuanguka? Jibu lianzie mashambani.

Nalanda iko Bihar, mashariki mwa India, si mbali na Patna. Ilianza karne ya 5, enzi za nasaba ya Gupta, na mfalme anayetajwa kuiasisi ni Kumaragupta wa Kwanza. Watawala waliofuata waliitengea mapato ya vijiji, mfano wa wakfu. Xuanzang, mtawa kutoka China aliyefika miaka ya 630, alikuta vijiji 100 vikiihudumia. Yijing, mtawa mwingine wa China aliyesoma hapo kwa yapata miaka kumi, baadaye katika karne hiyohiyo, anataja zaidi ya 200. Kila siku wanavijiji walileta mchele, maziwa na siagi, na mwanafunzi akawa huru kushughulika na masomo tu.

Si kila aliyebisha hodi aliingia. Langoni palikuwa na bawabu msomi aliyemhoji mgeni, na Xuanzang anasema saba au wanane katika kila kumi walirudi walikotoka. Waliopita walisoma falsafa ya Kibudha, mantiki, sarufi na tiba, hata Veda za Wahindu. Wasifu wa Xuanzang unataja wakazi 10,000, lakini Yijing anasema watawa 3,000 na ushei. Nikitazama ukubwa wa magofu yaliyofukuliwa, namwamini Yijing. Xuanzang mwenyewe alifundishwa na mzee Shilabhadra, kisha mwaka 645 akarejea China na maandiko 657.

Ushahidi ninaouthamini kuliko yote ni bamba la shaba la karne ya 9 lililopatikana hapohapo. Balaputradeva, mtawala wa Sumatra, alijenga nyumba ya watawa Nalanda, akamwomba mfalme Devapala wa nasaba ya Pala aipe vijiji vitano. Bamba linataja matumizi ya mapato hayo: chakula, mavazi, malazi na dawa za watawa, kunakili vitabu, na kukarabati jengo likiharibika. Aliyeandika hayo alijua chuo huendeshwa na nini.

Karibu na mwaka 1200 majeshi ya kamanda Mturuki Bakhtiyar Khalji yaliivamia Bihar. Mwanahistoria Minhaj-i-Siraj anasimulia kutekwa kwa ngome na kuuawa kwa watawa, ila haitaji Nalanda kwa jina. Wataalamu wengi wanadhani ni monasteri jirani, Odantapuri. Mwaka 1235 hivi, mtawa Dharmasvamin wa Tibet aliikuta Nalanda imeharibiwa vibaya, lakini mzee Rahula Shribhadra, mwenye zaidi ya miaka 90, alikuwa bado akifundisha sarufi wanafunzi wapatao 70. Askari walipokaribia, wengine walikimbia. Dharmasvamin alimbeba mwalimu wake mgongoni wakajificha. Walimu walikuwapo bado. Kilichokwisha ni wafalme wa kuwatengea vijiji.

Elimu yenyewe ilikuwa imeshasafiri. Karne ya 8 Shantarakshita, msomi wa Nalanda, aliipeleka Tibet, ikakita mizizi katika monasteri ya Samye. Leo maandiko mengi ambayo asili yake ya Kisanskriti imepotea husomwa kwa Kitibeti na Kichina, na ni kwa kuufuata mwongozo wa Xuanzang kwamba mwanaakiolojia Alexander Cunningham aliyatambua magofu ya Nalanda miaka ya 1860.